Funguo za Nyumba ya Salamu

Watoto wa Kabiro, kule Kawangware, walimwita Morris Murunga "Nimekuja". Ukimwita mara ya kwanza hajibu. Mara ya pili anatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetuliwa na nzi. Ya tatu ndipo anaposhtuka na kusema "Nimekuja!", na kikombe kinayumba mkononi, chai yenyewe imekwisha poa na kufanya utando juu. Alikuwa ameketi hapo hapo mlangoni mwa chumba chake muda wote huo, lakini ukimtazama macho ungeapa kwamba kweli ametoka mbali.

Wenye haraka zao walimwona mzembe. Hawakumjua. Alizaliwa karibu na Webuye, akamaliza shule, akaja Kawangware kwa shangazi yake Sella aliyekuwa akiuza maharagwe sokoni, na kutoka hapo akajitafutia riziki kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Kazi ya kwanza kuipata ilikuwa ya kupanga kadi za salamu. Kompyuta zilipoletwa ofisini, wenzake walizizunguka kwa mbali, wakizitazama kama ng'ombe mgeni asiyejulikana kama anapiga teke. Morris alivuta kiti akaketi nazo. Alizipenda kwa sababu haziiti mtu mara tatu.

Ofisi hiyo iliitwa Nyumba ya Salamu, ghorofa ya kwanza katika jengo la mawe kando ya Ngong Road, mahali ambapo mtu wa Kibera na mtu wa Kawangware wote wangeweza kufika kwa miguu. Miaka hiyo ya tisini simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wakubwa. Mtu wa kawaida akitaka kuwasalimu watu wake alinunua kadi, akaandika majina, akaongeza ujumbe mfupi, na mtangazaji akazisoma redioni mchana watu wakila. Wasalimiaji hawa walikuwa na majina yao ya hewani, na majina hayo waliyatunza kuliko suti za arusi. Mzee mmoja muuza makaa, ambaye jirani zake hawakumjali hata kidogo, redioni alikuwa Simba wa Makina, na nchi nzima ilimjua. Nyumba ya Salamu ilipokea kadi hizo, ikaziingiza kwenye kompyuta, ikawapangia watangazaji nani asomwe lini.

Kadi zote, tangu mwaka wa tisini na tatu, zilikaa ndani ya mashine moja kubwa katika chumba cha nyuma. Wachapaji walikuwa nane, kila mmoja na skrini yake, na nyaya zao zote zilitambaa chini ya zulia hadi kwenye mashine hiyo. Wenyewe waliiita seva. Morris ndiye aliyekuwa akiitunza. Aliipangusa vumbi, akaisikiliza ikivuma, na mara nyingi, mlango ukiwa umefungwa na jua la alasiri likipita katika pazia la kijani, alisahau kabisa kwamba anavumiwa na chuma. Aliona wasalimiaji wote wakiishi mle ndani kama wapangaji wa ploti moja kubwa, wakiitana kutoka mlango hadi mlango, Simba wa Makina akianika shati lake, mtu fulani akichemsha uji.

Na mmoja wa wapangaji hao alikuwa mkewe.

Joan alikuwa msichana wa Kibera, na hewani alijiita Tausi wa Laini Saba. Morris alikuwa Mgeni wa Kabiro. Walisalimiana redioni karibu mwaka mzima kabla ya kuonana uso kwa uso, na walipoonana wote wawili waliona haya, kwa sababu walikuwa wamekwisha kuambiana mambo mengi mbele ya nchi nzima. Wakaoana. Wakaishi Kabiro katika chumba kile kile chenye mlango wa buluu. Mapema mwaka wa tisini na saba homa ikamwingia Joan, ikamlaza wiki moja, ikaondoka naye. Kadi zake za karatasi, zenye mwandiko wake wa kulala upande, zilikuwa zimekwisha kuwasha majiko ya Kawangware zamani sana, maana ofisi iliuza makaratasi yote yaliyokwisha kuingizwa. Kilichobaki cha sauti yake ni yale maneno ndani ya mashine, kadi alizotuma mwaka wa tisini na nne na wa tisini na tano. Saa ya chakula cha mchana, wengine wakienda kutafuta githeri, Morris aliifungua moja akaisoma. Moja tu kwa siku. Alimpenda mkewe, na hakuwa amezoea kutokuwa naye, hilo ndilo jambo lenyewe wala halina maelezo marefu.

Novemba ya tisini na nane kadi za Krismasi zilianza kumwagika. Magunia yalijaa hadi kwenye ngazi. Mkuu wa ofisi, Bi Wakarima, mama mpole aliyevaa miwani miwili kwa zamu, akaajiri mchapaji wa tisa. Aliitwa Seline, binti wa Kisumu Ndogo kule Kibera, mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Alipewa skrini kuukuu iliyosalia, ile inayochelewa kuwaka, kwa hiyo kila asubuhi wenzake wote walikuwa wamekwisha kuingia kabla yake. Na kila asubuhi mashine ilimkataa.

"Morris, hii kitu imenitupa nje tena," Seline alisema kutoka mlangoni. Alisema bila hasira, kama anayetangaza mvua.

Morris akaja, akainama, akasoma. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza kifupi, na maana yake ni kwamba kwenye kifaa hakuna nafasi. Akaenda chumba cha nyuma kupima diski ya kuhifadhia kadi, akakuta kweli imekaribia kujaa. Basi. Nafasi hakuna, na diski imekaribia kujaa. Nani angetafuta sababu nyingine? Bi Wakarima alikuja kusimama nyuma yake, miwani ya kusomea puani.

"Imejaa, Madam."

"Si tunaweza kununua ingine?"

"Itatoka ng'ambo. Mpaka mwaka ujao."

Bi Wakarima alitafakari, akapumua. "Basi tufute za zamani. Hizo zilishasomwa, Morris, zilishaenda na hewa. Futa mwaka mmoja. Chagua tu wewe."

Mwaka mwingine angenakili kadi hizo kwenye kanda kwanza, azifungie kabatini. Lakini kifaa cha kunakilia kilikuwa kimeingiwa na maji mvua ya El Nino ilipotoboa paa, na hakikuwahi kupona. Kilichofutwa kilikuwa kimefutwa.

Morris alikaa mbele ya skrini muda mrefu, halafu akachagua mwaka wa tisini na tatu. Ukimuuliza angekwambia ni kwa sababu ndio wa zamani kuliko yote. Ukweli ni kwamba aliuchagua kwa sababu ndani yake hamkuwa na Joan. Akabonyeza, na maelfu ya salamu yakatoweka bila kishindo, bila hata taa ya skrini kutetemeka. Ilimshangaza kidogo jinsi jambo lile lilivyokuwa jepesi.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, Seline alijaribu tena. Mashine ikamkataa tena, kwa maneno yale yale. Kwenye kifaa hakuna nafasi.

Morris alijikuna kichwa hadi nywele zikasimama. Diski sasa ilikuwa na uwazi wa mwaka mzima, na bado mashine inalia kwamba imebanwa! Bi Wakarima hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alisema tu kwa ile sauti yake ya kuombea chakula: "Pengine huo mwaka ulikuwa mdogo. Jumatatu tufute wa tisini na nne na wa tisini na tano. Siwezi kumweka msichana wa watu akipanga kadi kwa mkono huku magunia yanafika dari."

Morris akaitikia, "Sawa, Madam." Hakumwambia kilichokuwa ndani ya miaka hiyo miwili. Angeanzaje? Jioni ile alirudi Kabiro akipita watu bila kuwaona, na shangazi Sella aliyekuwa akiuza maharagwe yake kando ya njia akamwita mara tano, akakata tamaa.

Jumamosi kulipambazuka na mawingu. Morris aliketi mlangoni na chai yake. Langoni mwa ploti aliketi Mzee Kavoi, msimamizi, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, na nyuma yake ukutani palining'inia ubao wenye misumari. Kila msumari ulikuwa na ufunguo wa choo, na kila ufunguo ulifungiwa kipande cha ndara kuukuu ili mtu asiusahau mfukoni akaenda nao kazini. Kila nyumba yenye mpangaji ilikuwa na msumari wake na ufunguo wake. Mzee Kavoi aliulinda ubao ule kama benki.

Wakaja kijana mmoja na mkewe, godoro limekunjwa begani, wakitafuta chumba. Mzee Kavoi hata hakuinuka.

"Nafasi hakuna."

"Lakini Mzee, hiyo nyumba ya kona si iko wazi? Hata kufuli haina."

"Nyumba iko. Nafasi ndiyo hakuna."

Wale vijana wakatazamana, wakaondoka na godoro lao wakinung'unika. Morris, ambaye kwa kawaida jambo kama hilo lingempita kama upepo, kwa sababu fulani siku hiyo alilisikia. Akainuka na kikombe chake.

"Mzee Kavoi, mbona umewafukuza? Chumba si kiko?"

"Wewe Nimekuja, leo uko?" Mzee akacheka. Kisha akauonyesha ubao kwa kidole gumba, bila kugeuka. "Hesabu misumari. Hesabu funguo. Zote ziko na wenyewe. Nikiingiza hao watu, asubuhi wataenda choo gani? Hapa Kabiro nyumba bila funguo ya choo si nafasi, kijana. Ni ukuta tu."

"Si uwakatie ingine kwa fundi?"

"Hiyo namba ya funguo si yangu. Ni ya mwenye ploti, aliiweka siku ya kujenga. Mimi nagawa tu. Mpaka yeye aseme ziongezwe, mimi nitaendelea kusema nafasi hakuna, hata kama nyumba kumi ziko wazi."

Mzee Kavoi aliendelea kusema, akaingia kwenye habari za mwenye ploti na ubahili wake, lakini Morris hakuwa akisikia. Alikuwa ameondoka tena, ila safari hii alijua anakokwenda. Alikiweka kikombe juu ya kreti, akapita langoni, akashika njia ya Ngong Road akiwa na ndara miguuni. Mzee Kavoi alibaki na chai ya bure, akainywa.

Ndani ya mfumo unaoendesha kila kompyuta kuna sehemu moja iliyo chini ya nyingine zote. Mafundi wa Kizungu huiita kerneli. Morris aliiita kiini. Kiini ndicho kinachogawa. Kila programu ikitaka kumbukumbu, ikitaka diski, ikitaka hata kuandika herufi moja, inakiomba kiini. Na kila mchapaji anapoingia kwenye zile kadi, kiini humpa ishara yake moja, ili watu wawili wasiandike juu ya kadi moja kwa wakati mmoja wakaharibiana. Ishara hizo zina idadi, na idadi hiyo iliandikwa na waliokijenga kiini, siku ya kukijenga. Zikiisha, kiini hakisemi kwamba ishara zimeisha. Kinasema nafasi hakuna.

Njia nzima Morris alijisemea kwa sauti, "Nyumba iko, nafasi ndiyo hakuna," na waliopishana naye walimpisha kwa heshima, wakidhani ni mhubiri.

Ofisini alimkuta Seline peke yake katika chumba cha mbele, amezungukwa na magunia, akipanga kadi kwa mkono. Ile ndiyo kazi aliyoachiwa kwa kuwa mashine haimtaki, na alikuja hata Jumamosi.

"Usiende kabla sijakwambia," Morris akamwomba. "Nitataka ujaribu kuingia."

"Leo imekubali?"

"Bado. Ngoja."

Kwanza aliiwasha kila skrini ya ofisi, akaingia kwa kila moja hadi nane, kisha akaingia chumba cha nyuma, akakiuliza kiini kimegawa ishara ngapi. Kikamjibu kwamba kimegawa zote. Zote! Morris alicheka peke yake, na baada ya kucheka akajisikia vibaya, maana alikumbuka mwaka wa tisini na tatu, uliofutwa bure. Aliliweka wazo hilo kando, kama mtu anavyoweka kando barua asiyotaka kuifungua.

Alilitafuta faili ambamo idadi ile iliandikwa. Ulikuwa mstari mmoja tu kati ya mistari isiyohesabika, na kwenye mstari huo tarakimu ndogo isiyo na makuu. Akaikuza. Lakini kubadilisha tarakimu si mwisho wa kazi. Kiini cha siku hizo kilibidi kijengwe upya kizima kizima, kuanzia msingi, na mashine yao haikuwa ya mbio. Kikijengwa vibaya, seva ingeweza kukataa kabisa kuamka, na Joan na wenzake wote wangebaki gizani humo. Morris akakihifadhi kile cha zamani pembeni, akapiga moyo konde, akaanza ujenzi.

Mvua ikaanza nayo. Ilipiga mabati, ikateremka kwenye mfereji wa nje, na kwenye skrini maneno yakapanda mstari baada ya mstari, meupe juu ya weusi, yakipanda bila kukoma. Ukiyatazama sana macho yanalegea. Chumba kilikuwa na joto la mashine, na nje mwanga ulikuwa wa kijivu usioonyesha ni saa ngapi. Kutoka chumba cha mbele kadi za Seline zilisikika zikiangukia mafungu yake, moja, nyingine, nyingine.

Morris akaona wako langoni pa Kabiro, wasalimiaji wote, wamepanga foleni kwenye mvua na hakuna aliyelowa. Simba wa Makina alikuwa mbele na gunia la makaa. Mzee Kavoi alikuwa anagawa funguo zenye vipande vya ndara, na kila aliyepokea wake alisema jina lake la hewani kwa sauti, akaingia, na mlango mmoja ukafunguka ndani ya ploti na taa ikawaka. Ploti haikuisha. Milango ilikwenda hadi mtoni, ikavuka mto, ikapanda upande wa pili kuelekea Kibera. Joan alikuwa nyuma ya foleni, amejifunga leso kichwani, wala hana haraka. Alikuwa akizungumza na mtu aliyekuwa nyuma yake zaidi, mtu ambaye Morris hakuweza kumwona uso. Morris alimpungia. Joan akaitika kwa kichwa, halafu akageuka kuendelea na mazungumzo yake.

"Morris. Morris. Morris."

"Nimekuja!"

Alikuwa Seline, amesimama mlangoni na mkoba begani. Mvua ilikuwa imepungua. Kwenye skrini maneno yalikuwa yamesimama, ujenzi umekwisha, na hapakuwa na kosa hata moja lililoandikwa.

Akaizima mashine, kisha akaiwasha upya. Kuna kimya cha ajabu kati ya kuzima na kuwaka, na katika kimya hicho Morris aliomba kwa Kiluhya, lugha ya mama yake. Mashine ikakohoa. Ikavuma. Kiini kipya kikaamka, kikaziita kadi, kadi zikaitika. Morris akazunguka tena akiingia kwenye kila skrini hadi zikawa nane, kisha akamvutia Seline kiti mbele ya ile kuukuu.

Seline akaandika jina lake, akabonyeza. Skrini ikanyamaza, ikafikiri, ikafunguka.

"Imeniingiza!" Akapiga makofi mara moja, kama mtoto. Uso wake ulikuwa mwingine kabisa. Morris naye alihisi kifua kikifunguka. Jumatatu hapatafutwa kitu, Joan atabaki mahali pake. Aliegemea ukuta, akafumba macho, na nusura aondoke tena.

Alipoyafumbua aliona Seline hakuwa anaandika kadi mpya. Alikuwa anatafuta. Aliandika mwaka wa tisini na tatu, kisha jina la mtumaji: Jogoo la Kisumu Ndogo. Mashine ikajibu haraka kwamba hakuna kadi. Seline akakunja uso, akafuta, akaandika tena polepole, herufi kwa herufi. Hakuna kadi.

"Pengine nimekosea kuandika."

"Unamtafuta nani?" Morris akauliza.

"Babangu. Mzee Opondo. Kwa redio alikuwa anajiita Jogoo la Kisumu Ndogo. Tisini na tatu alituma kadi mwaka mzima, yaani karibu kila wiki, mpaka mama alikuwa anamgombeza. Mwaka wa pili akaugua, akaenda." Aliendelea kuitazama skrini. "Hii kazi niliomba ndio nizione. Sikutaka kuambia mtu anitafutie. Nilitaka nimpate mwenyewe."

Morris angeweza kusema ni mashine. Mashine haina wa kuitetea. Angeweza kusema ni Madam, na hapo angekuwa amesema nusu ya kweli, na Seline angeamini. Alisimama na ndara zake zenye matope, akaona aibu hadi masikio yakamchoma.

"Ziko wapi?" Seline akauliza.

"Nilizifuta. Mimi. Siku ya Alhamisi."

"Ilibidi?"

"Haikubidi. Tulidhani diski imejaa, kumbe haikuwa shida ya diski. Madam aliniambia nichague mwaka mmoja. Nilichagua huo kwa sababu bibi yangu hayumo. Zake ni za tisini na nne na tano. Alifariki. Sikutaka zake ziguswe."

Seline alikuwa ameweka mikono mapajani, vidole vile vyepesi vimetulia. Gari lilipita chini barabarani likirusha maji. Ilikuwa afadhali amtukane, na Morris aliyangoja matusi kwa hamu.

"Na zake ziko?"

"Ziko."

"Nionyeshe."

Hakuwahi kumwonyesha mtu. Aliinama juu ya kinanda na kuifungua kadi moja, ya Mei mwaka wa tisini na nne, aliyoipenda kuliko zote kwa kuwa ndiyo ya kwanza ambayo Joan alimtaja. Seline akaisoma kwa sauti, polepole, kama wanavyosoma watangazaji.

"Mimi ni Tausi wa Laini Saba, nikiwa Kibera. Nawasalimu Simba wa Makina, Mama Tumaini wa Olympic, Jogoo la Kisumu Ndogo, Fundi Saa wa Riruta, na Mgeni wa Kabiro. Ujumbe wangu: Jogoo, tangu mwaka uanze hatujakusikia hewani. Kama unaumwa, ugua pole. Kama umenuna, wika tu tujue."

Morris alikuwa ameisoma kadi ile saa nyingi za mchana, na bado alihisi kama anaisikia mara ya kwanza. Siku zote alikwenda moja kwa moja kwenye jina lake mwishoni mwa orodha, akakaa hapo. Ule ujumbe aliujua kwa moyo, alikuwa hata amewahi kuucheka, lakini hakuwahi kujiuliza huyo Jogoo ni nani, wala kama aliwika.

"Hii hakuisikia," Seline akasema. "Mei alikuwa wadi. Huko hatukuwa na redio."

Aliisoma tena, safari hii midomo tu ikicheza. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Wasalimiaji wana desturi yao: anayesikia ametajwa hewani hujibu hapo hapo alipo, awe jikoni au shambani, hata kama hakuna wa kumsikia, na asipokuwepo mwenyewe huitikiwa na wa nyumbani kwake.

"Zimefika," akasema Seline.

Akajipangusa uso kwa kiganja. Akatoka kwenye mashine taratibu, kama alivyofundishwa, akainuka, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka.

"Bibi yako alikuwa mtu mzuri," akasema. "Lakini wewe, Morris, usinisalimie. Mpaka huu mwaka uishe. Ukinipata kwa ngazi, pita tu."

Jumatatu walikutana kwenye ngazi. Mvua ilikuwa imemlowesha Seline mabega, naye Morris alikuwa na mwavuli. Akasogea ukutani, akainamisha kichwa, akampisha bila kutamka neno, na muda si mrefu skrini zote tisa zilikuwa zimewaka.